Hilux au Ranger: Pikapu Ipimwe Ikiwa Imebeba

Nimechuja hadi zimebaki pikapu mbili. Ya kwanza ni Toyota Hilux dabo kebini, dizeli ya lita 2.8 na giaboksi otomatiki ya gia 6. Ya pili ni Ford Ranger dabo kebini, dizeli ya V6 ya lita 3.0 na otomatiki ya gia 10. Zote mpya, zote zinavuta kwa magurudumu manne, zote zina seti ya gia nzito (za mwendo wa polepole wenye nguvu) na loki ya difu ya nyuma (difu ndiyo inayogawa nguvu kwa gurudumu la kushoto na la kulia), na zote zimeandikiwa uwezo wa kuvuta trela ya kilo 3,500. Ukisoma vipeperushi vyake harakaharaka utadhani ni gari moja lililobandikwa nembo mbili.

Kila ninayemwomba ushauri ananijibu kwa habari za milima: hii ilipanda pale, ile ilirudi nyuma pale. Nawasikiliza kwa heshima, lakini naona tunaanzia pasipo. Pikapu hizi zote mbili zitapanda mlima ambao madereva wengi hawatathubutu kuugusa. Tofauti yake inaanza kuonekana siku bodi limejaa, kebini ina watu wanne, mvua imeshanyesha na njia ya kurudi ni ileile mliyokuja nayo. Pikapu tupu na pikapu hiyohiyo iliyobeba ni magari mawili, na vipeperushi karibu vyote vinaeleza habari za ile tupu. Mimi nataka kununua ile iliyobeba.

Kazi yangu ni kufuga nyuki. Mizinga huhamishwa kufuata maua, na huhamishwa usiku, nyuki wakiwa wote wamerudi ndani. Sanduku la mzinga wa Langstroth wa fremu kumi lina urefu wa milimita 508 na upana wa 413, na sanduku moja kubwa likijaa asali linaweza kufika kilo 40. Weka la pili juu yake, kisha zidisha kwa idadi ya mizinga. Masega ni nta. Yakipigwa na matuta mfululizo hukatika kwenye fremu, asali ikamwagikia majana (watoto wa nyuki), na usiku mmoja wa safari ukala msimu mzima. Kwa hiyo ninaposema nataka gari laini, siusemei mgongo wangu.

Ranger Raptor niliitoa mapema. Naipenda mno: V6 ya petroli yenye tabo mbili, loki ya difu mbele na nyuma, shokapu za kampuni ya Fox, koili springi nyuma badala ya springi za pasi (zile za vyuma bapa vilivyopangwa). Lakini imejengwa ikimbie porini ikiwa nyepesi, na uwezo wake wa kuvuta umeshuka hadi kilo 2,500. Kwa anayetafuta raha ya kuendesha, hakuna mjadala. Kwa anayebeba, ni gari jingine kabisa.

Tuje kwenye injini, maana ndipo mazungumzo mengi ya pikapu yanapokwenda kukwama. Ya Hilux inaitwa 1GD-FTV. Ilikuja na kizazi cha nane mwaka 2015, na mwaka 2020 ikaongezwa nguvu hadi kilowati 150, na msokoto (nguvu ya kuzungusha) wa nyutoni-mita 500 kwa gari la otomatiki. Ile ya gia za mkono imebanwa ibaki kwenye 420, na hilo peke yake lilinitosha kuachana na wazo la klachi. V6 ya Ranger inatoa kilowati 184 na nyutoni-mita 600. Gari likiwa tupu, tofauti hiyo ya 100 utaisikia unapolipita lori, basi. Likiwa limebeba, utaisikia kila mahali: kwenye mwinuko mrefu, kwenye mchanga mzito, unapoondoka taratibu ukiwa na trela nyuma. V6 haihitaji kupigiwa kelele ndipo isogee, na giaboksi haihangaiki kurukaruka kati ya gia mbili.

Upande wa pili wa mizani una uzito wake pia. 1GD inatumia cheni ya taimingi. V6 inatumia mkanda, na mkanda una siku yake ya kubadilishwa. Injini hiyohiyo ya Toyota imo kwenye Fortuner, imo kwenye Prado, na miaka ya karibuni imeingizwa hata kwenye Land Cruiser 70. Maana yake fundi anayeijua hapatikani kwa shida, na vipuri vyake vinazunguka kwenye magari mengi. V6 ya Ford si ngeni, kwani ndugu yake iliwekwa kwenye F-150 kati ya 2018 na 2021, lakini magari inayoshirikiana nayo vipuri ni machache zaidi. Anayefanya kazi mbali na gereji alipime hili kwa makini kuliko hizo nyutoni-mita 100.

Dizeli zote mbili za kisasa, kwenye masoko yenye sheria kali za moshi, zina kichujio cha masizi kwenye eksozi. Kichujio hicho hujisafisha kwa kuyachoma masizi kwenye joto la takriban nyuzi 600, na joto hilo halipatikani kwa safari za kwenda dukani na kurudi. Gari la kubeba mzigo safari ndefu halisumbuki sana. Gari linaloshinda likinguruma pale pale kambini, injini inawaka kwa ajili ya taa na kuchaji simu, ndilo litakalokuwashia taa ya njano kwenye dashibodi. Jambo hili liingie kwenye tabia ya dereva hata kabla hajachagua gari.

Kuna hesabu ya gia ambayo watu huiruka. Gia ya kwanza ya otomatiki ya Hilux ina uwiano wa 3.600. Ukiweka seti ya gia nzito, ambayo kwenye Hilux ni 2.566, msokoto wa injini unazidishwa zaidi ya mara 9 kabla haujafika hata kwenye difu, na difu nayo inauzidisha tena. Ranger yenye gia 10 inaanza na gia ya kwanza ya 4.696, yaani tayari imeshuka chini kuliko ya Hilux hata kabla hujagusa seti nzito. Usizilinganishe kwa namba hiyo moja tu, maana difu za magari haya hazifanani. Ninachokitaka mimi kwenye hesabu hii ni mteremko. Mzigo mzito ukiwa nyuma, kushuka ni kugumu kuliko kupanda: gari linasukumwa na mzigo wake lenyewe, na dereva anayetegemea kanyagio la breki peke yake atafika chini breki zikinuka. Gia ya chini sana inayolishika gari kwa injini ni breki isiyochemka.

Hapo hapo tuziguse breki zenyewe. Hilux nyingi za kizazi hiki zina diski mbele na ngoma nyuma. Ni matoleo machache tu ya juu, kama GR Sport, yaliyopewa diski pande zote. Ranger ya V6 ninayoiangalia ina diski nne. Ngoma si dhambi. Zinashika vizuri gari likiwa limeegeshwa, na kwenye gari tupu breki ya nyuma haina kazi kubwa. Lakini weka tani nyuma na sehemu kubwa ya uzito inahamia kwenye ekseli hiyo. Tena ukipita kwenye tope jepesi, tope linaingia ndani ya ngoma, linakaa, linakauka, linakuwa msasa. Diski inajipangusa yenyewe. Kwangu hii ni alama nzima kwa Ranger.

Sasa uvungu. Fundi wangu alinifuata kuangalia magari yote mawili, na wakati mimi naangalia rangi na viti yeye alikuwa ameshatandaza boksi chini. "Bosi, huko juu utakujua ukishanunua. Njoo huku." Tukalala chali. Alinionyesha vitu kwa kidole, kimoja baada ya kingine: mahali nyaya za sensa zinapopita na kama jiwe likiruka litazifikia, kipumulio cha difu, kimpira chembamba kinachopanda juu ili difu ikiingia majini isivute maji ndani, sahani za kukinga oili na tenki, kama ni za chuma au ni za kupendezea tu, na umbali wa eksozi kutoka kwenye chochote kinachoweza kubeba nyasi kavu. Hili la nyasi watu hulidharau. Kichujio cha masizi kinapojisafisha kinakuwa moto mno, na majani makavu yaliyojibana juu yake yanaweza kuwaka. Ukipita kwenye nyasi ndefu, simama mara kwa mara uchungulie chini, gari liwe la kampuni yoyote.

Kisha akanipigia hoja ya urefu, na hapa ndipo nilipopata jibu nililokuwa nalitafuta. Umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma kwenye Hilux ni milimita 3,085. Kwenye Ranger ni 3,270. Wapenzi wa Hilux hupenda kulisema hili, na wana haki: gari lenye umbali mfupi halilalii tumbo upesi linapovuka kilele cha tuta. Lakini fanya hesabu. Tuchukue kwamba katikati ya gari kuna nafasi ya milimita 220 kutoka ardhini, na tuweke kando ukubwa wa tairi. Hilux inapata pembe ya kuvukia ya takriban nyuzi 16.2, Ranger 15.3. Tofauti haifiki nyuzi moja. Sasa pakia mzigo, springi za nyuma zishuke milimita 60, katikati ya gari itashuka kama 30. Hilux inaanguka hadi nyuzi 14.0. Mzigo umeinyang'anya Hilux zaidi ya mara mbili ya kile ilichokuwa imeizidi Ranger! Kwa hiyo gari ambalo springi zake zinazama kidogo chini ya mzigo litavuka tuta ambalo gari fupi lililozama litalalia tumbo. Tumekuwa tukibishania milimita 185 za urefu huku milimita 60 za springi zikitupita.

Kuna kitu kimoja ambacho mzigo haukigusi, nacho ni difu ya nyuma. Ekseli ya nyuma ya pikapu hizi ni kipande kimoja kilichokaa juu ya magurudumu, kwa hiyo springi zikishuka chesisi ndiyo inayoshuka, difu inabaki pale pale. Nafasi chini ya difu inatokana na tairi: ukubwa wake na upepo uliomo. Ndiyo maana kuinua chesisi kwa springi ndefu hakukusaidii chochote kwenye makorongo ya tairi za malori, yale ambayo katikati yake kuna kingo inayokwangua difu. Hapo dawa ni tairi kubwa zaidi, au kupanda juu ya kingo gurudumu la upande mmoja likiwa katikati.

Ranger inalipia urefu wake kwa njia nyingine. Kwa jumla ina milimita 5,370, Hilux 5,325. Piga hesabu utaona kwamba pamoja na urefu wote huo, sehemu zinazoning'inia nje ya ekseli, mbele na nyuma kwa pamoja, ni fupi kwenye Ranger kwa milimita 140. Ford walipoitoa hii ya sasa waliisogeza ekseli ya mbele kwenda mbele kwa milimita 50 na kupanua nafasi kati ya magurudumu ya kulia na kushoto kwa 50 vilevile. Kwa anayebeba, hili lina maana kubwa kuliko pembe za kwenye kipeperushi. Mzigo uliokaa nyuma ya ekseli ya nyuma unalinyanyua gari mbele, usukani unakuwa mwepesi, na kwenye utelezi gari linakwenda linakotaka lenyewe. Dabo kebini zote zina ugonjwa huu kwa sababu kebini imekula nafasi ya bodi. Magurudumu yakiwa yametanuka zaidi, ugonjwa unapungua, hauishi.

Kutanuka huko kunagusa usalama pia. Mwaka 2016 gazeti la magari la Sweden, Teknikens Värld, lilifanya jaribio lake la kukwepa kizuizi ghafla, na Hilux ya kizazi hiki ikanyanyua magurudumu ya upande mmoja hewani. Toyota waliirekebisha baadaye. Silitaji kuichafua Hilux. Nalitaja kwa sababu pikapu yoyote ni ndefu kwenda juu, na mzigo wa mizinga iliyopandana unaifanya iwe ndefu zaidi. Ng'ombe akikatiza barabara usiku hutakuwa na muda wa kukumbuka kipeperushi kilisema nini.

Nilipofika kwenye bodi nilidhani Ranger itashinda bila kupigana. Kati ya vifuniko vya magurudumu kuna nafasi ya kama milimita 1,220, wakati Hilux inabaki kwenye 1,100 na kitu. Ford wanajivunia kwamba paleti ya kawaida ya Ulaya (jukwaa la mbao la kupangia mizigo), yenye upande wa 1,200, inaingia. Nikapima kwa mizinga. Mizinga mitatu ikisimamishwa ubavu kwa ubavu inahitaji 1,239. Haiingii. Miwili ikilazwa kwa urefu inahitaji 1,016, na hiyo inaingia kwenye gari lolote kati ya haya. Faida yote ya Ranger, kwangu, imeishia kwenye sentimita mbili. Ningeamini kipeperushi ningelipia nafasi ambayo siwezi kuitumia. Kila mtu apime kwa kitu chake: pikipiki, jenereta, mapipa, mabomba. Futi kamba ya fundi nguo ina maneno ya kweli kuliko muuzaji.

Kuhusu tani moja inayosifiwa, tuandike wazi. Chukua pikapu yenye uwezo wa kubeba kilo 950. Ukifunga trela ya kilo 3,500, ncha yake inalalia ndoano kwa takriban asilimia 10 ya uzito wake, yaani kilo 350, na hizo ni mzigo wa gari, si wa trela. Zimebaki 600. Ingiza watu wanne wa kilo 80 kila mmoja: zimebaki 280. Bampa la chuma na winchi, tuseme 90: zimebaki 190. Kofia ya bodi, 100: zimebaki 90. Kilo 90 ni majokofu mawili madogo na maji ya kunywa. Gari limejaa na bodi halijawekwa kitu. Watu wengi wanaotembea na pikapu zilizopambwa vizuri wamepita uzito ulioruhusiwa bila kujua, na huku ndiko chesisi zinakopinda, hasa pale nyuma ya kebini ambapo zinabeba mkunjo wote. Si kosa la gari. Vyote vilivyoandikwa, kuvuta na kubeba, haviwezi kutumika siku moja.

Kwa hesabu hii Hilux inapata nafuu: ni nyepesi kuliko Ranger ya V6, na kwenye tope wepesi ni mali. Gari zito linatitia mapema na linahitaji upepo mdogo zaidi kwenye tairi ili lielee. Mtu ambaye njia yake ni tope jeusi linalonata msimu mzima, na mzigo wake ni wa kilo mia mbili tatu, ningemwambia achukue Hilux asigeuke nyuma.

Kilichoniumiza kichwa kuliko vyote ni namna magari haya yanavyogawa nguvu mbele na nyuma. Hilux inakupa H2 (magurudumu mawili), H4 (manne) na L4 (manne kwa gia nzito). Ukiweka H4, shafti ya mbele na ya nyuma zinafungwa zizunguke kwa mwendo mmoja. Porini ni sawa, magurudumu yanateleza kidogo na kila kitu kinajirekebisha. Kwenye lami kavu ni kosa: ukikata kona magurudumu ya mbele yanapita njia ndefu kuliko ya nyuma, shafti zimefungwa, hakuna pa kuteleza, na mkazo unajikusanya kwenye giaboksi ndogo hadi gari linaanza kuruka na kugonga. Kwa hiyo kwenye lami unarudi H2, na H2 ni nyuma tu.

Ranger ya V6 ina nafasi ya ziada, 4A. Klachi ya ndani inapeleka nguvu mbele kadiri inavyohitajika na kuachia inapobidi, hivyo unaweza kuiacha hapo lami kavu, lami yenye maji, vumbi, tope, na lami tena. Mtu wa porini halisi atasema haya ni mambo ya mjini. Mimi nawaza barabara ninazopita na mizinga: kipande cha lami kilicholowa, kisha mita mia za changarawe, kisha daraja lenye udongo juu yake, kisha lami. Kwenye barabara ya namna hiyo hakuna dereva anayegeuza swichi kila baada ya dakika mbili. Anabaki kwenye H2 akijiambia ni karibu tu, na gari lililobeba linateleza nyuma. Ajali nyingi za pikapu hazitokei kwenye miamba ya kutisha.

Majini, Toyota wanaandika milimita 700 na Ford 800. Nafurahi kwa hizo 100, ila maji yanayokwenda kasi yanalisukuma gari hata kwa kina kilicho pungufu ya hapo, na kabla ya kuvuka lazima mtu atangulie kwa miguu na fimbo. Asipoweza kusimama yeye, gari lisiingie.

Skrini, viti, spika: Ranger iko mbele, na sina la kuongeza.

Wauzaji wote wawili, kila mmoja kwake, walikubali niendeshe gari likiwa tupu kisha likiwa na mifuko ya mchanga, kwenye barabara ya vumbi yenye mawimbi ya kutetemesha. Nilifunga bodini mzinga usio na nyuki, wenye fremu za masega ya zamani. Hilux ikiwa tupu ilikuwa inaruka mkia. Nilipofungua mzinga, masega kadhaa yalikuwa yamepasuka kwenye kona za chini za fremu. Ilipopakiwa ikatulia kabisa, springi zikaanza kufanya kazi ambayo zilizaliwa nayo, na masega yakafika mazima. Usukani wake wa haidroliki ni mzito, lakini kila jiwe unalisikia mkononi na unajua tairi limekaa wapi. Ranger ilikuwa laini tangu ikiwa tupu. Ilipobeba, kilichonishangaza ni upande: haikuyumba kwenda kushoto na kulia tulipopita mashimo ya gurudumu moja moja. Ford wamezitoa shokapu za nyuma nje ya chesisi, karibu zaidi na magurudumu, na ukiangalia chini utaelewa, kwani shokapu iliyo mbali na katikati inauzuia mwinamo mapema. Masega hukatwa na kuyumba kwa pembeni kuliko kuruka kwa juu na chini, kwa sababu yananing'inia kwenye fremu. Nilisimama nikitazama ndani ya ule mzinga kwa muda.

Fundi bado yuko upande wa Hilux. "Ikikufia porini, bosi, nani atakuja na kompyuta?" Ni swali la haki, na nimelijibu kwa vitendo: njia zangu nyingi zina gereji yenye kifaa cha kusoma kompyuta ya gari ndani ya mwendo wa siku moja, na mkanda, vichujio na mipira muhimu vitanunuliwa mapema vikae ghalani. Njia zangu zingekuwa ndefu kuliko hapo, ningemkubalia bila kubishana. Shemeji yangu, ambaye hukaa miezi porini akipima ardhi na mzigo wake ni hema na vyombo viwili vya kupimia, nimemwambia waziwazi achukue Hilux.

Mimi nachukua Ranger ya V6. Nimeagiza yenye rimu za inchi 17, ingawa muuzaji alinisifia sana za 20. Rimu ndogo inaacha ubavu mrefu wa tairi, na ubavu ndio unaojikunja nikishusha upepo kutoka paundi 35 hadi 18 kwenye mchanga, bila rimu kukata mpira kwenye jiwe. Tairi nimechagua za mchanganyiko wa lami na vumbi. Zile za tope zenye meno makubwa zinatetemesha gari kwenye lami, na nimeshaeleza mtetemo unafanya nini kwenye masega. Bampa la chuma sifungi. Winchi itakaa kwenye trela, ifungwe siku inayohitajika. Gari likishafika, kituo cha kwanza ni mizani ya malori: tenki limejaa, mimi nikiwa kwenye usukani, nipate uzito wa kila ekseli peke yake, kisha nirudi na mizinga nipime tena, nijue imebaki kilo ngapi nyuma kabla fundi hajatoboa hata tundu moja la kufungia keria.